Uzi: Kukarabati reli za mbele za Datsun 240Z (vipimo, bati, kuchomelea, kuzuia kutu isirudi)

Zeti_72 (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jukwaani. Naomba msaada kwa wanaozijua bodi za zamani. Gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia. Trei ya betri imetolewa, na chini yake reli ya mbele (ule mhimili wa bati wa umbo la sanduku unaopita chini ya gari toka mbele kwenda nyuma) imeliwa na kutu. Bisibisi inazama mahali pawili: tundu moja juu ya reli, jingine ubavuni karibu na ukuta unaotenga injini na kabini. Ikiingia chini ya sakafu, reli hiyo hiyo imebonyea kwa majeki. Upande wa pili unalia vizuri ukigongwa nyundo. Krosimemba (mhimili wa kukingama unaofungwa kwa boliti kati ya reli mbili) ni nzima. Ushauri uliopo ni wa aina mbili: kuvisha bati la milimita 3 juu ya reli yote na kupiga lami, au kukata na kuweka kipande kipya. Injini bado imo. Nianzie wapi, na bati liwe la unene gani?

TimaziMoja
Mkuu, usivishe. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama pikapu. Reli, sakafu, apuroni (mabati ya pembeni mwa injini) na minara ya shokapu ni mwili mmoja wa bati jembamba lililokunjwa na kuunganishwa kwa spoti (vidoa vya kuchomelea). Nguvu ya reli inatokana na umbo lake la sanduku. Ukifunika reli iliyooza, kutu inabaki katikati ya mabati mawili, maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, na baada ya misimu michache ya mvua unakuwa na ganda gumu lisiloshika kitu.

Unene wa milimita 3 una tatizo jingine. Bati la zamani limebaki chini ya milimita 1 palipokula kutu. Ukiweka moto wa kuyeyusha 3, la zamani linatoboka. Ukiweka moto wa kulinda la zamani, mshono unakaa juu ya bati nene bila kuingia ndani. Hata ukifanikiwa, umetengeneza sehemu ngumu sana inayoishia ghafla kwenye sehemu laini, na bati litapasuka pale pale inapoishia.

Tumia 1.5 kwa reli (geji 16), na 1.2 (geji 18) kwa viraka vya sakafu na apuroni. Bati jeusi la kawaida, lisilo la zinki.

Ila kabla ya bati, swali ni hili: unajua reli yako ilipaswa kuwa wapi? Kazi hii huharibika kwenye vipimo kuliko kwenye kuchomelea.

L24_Nairobi
Naunga mkono. Nyongeza kuhusu wapi pa kuchunguza, maana kutu unayoiona huwa ni sehemu tu ya iliyopo. Kwaruza lami na rangi zote za chini mpaka chuma king'ae, halafu gonga na chokonoa kwa mpangilio huu:

- Chini ya trei ya betri, juu na pande zote mbili za reli. Asidi inayomwagika hapo ndiyo chanzo cha kwanza.
- Mabano ya fimbo ya T/C, yaani ile fimbo inayotoka mkono wa chini wa sespensheni kwenda nyuma kwenye reli. Ukikanyaga breki, gurudumu linasukumwa nyuma na fimbo inayasukuma mabano. Bati lake likilegea gari huvuta upande mmoja wakati wa breki, na watu hubadilisha kalipa za breki bure.
- Mahali reli inapopita chini ya ukuta wa kabini na kuanza kuwa reli ya sakafu. Hapo mabati kadhaa yanapandana na unyevu hukaa katikati.
- Reli inapoungana na fremu ya rejeta.
- Sakafu ya kabini, chini ya zulia na lile zulia la lami. Mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele ikiziba majani, maji huteremkia ndani. Ukikarabati reli bila kuzibua mifereji, umefanya nusu ya kazi.

Gari lililoishi pwani, Mombasa au Tanga, lichunguze mara mbili kwa sababu ya chumvi. Uso wa nje unaweza kuwa safi huku ndani ya sanduku kuna unga mtupu. Kama kuna mtu ana kamera ndogo ya waya ya kuunganisha na simu, ipitishe kwenye matundu ya reli kabla hujaamua ukate wapi.

Zeti_72
Asanteni. Kamera ipo, nitapitisha. Kuhusu vipimo: gari halina hata ramani ya vipimo vya kiwandani. Napimaje?

TimaziMoja
Unahitaji sakafu ya zege iliyo sawa, timazi, pimamaji, chaki, futi ya chuma na uzi wa fundi mwashi. Utaratibu:

Toa injini na gia boksi kwanza. Ondoa boneti, madigadi ya mbele, rejeta, reki ya usukani. Tenki la mafuta litoke kabisa, na mabomba ya breki na ya petroli yaliyo karibu yafunguliwe. Toa betri na altaneta.

Liweke gari kwenye stendi nne. Stendi za mbele zisikae kwenye reli unayotaka kukata, wala chini ya mabano yake. Zihamishie kwenye kingo imara za chini ya milango, na ukate gogo la mbao kugawanya uzito. Weka pimamaji kati ya minara miwili ya shokapu, kisha kati ya matundu ya krosimemba pande mbili. Pachika vipande vya bati chini ya stendi mpaka ikae sawa.

Sasa angusha timazi toka kila alama yenye jozi kushoto na kulia: katikati ya kila tundu la boliti ya krosimemba, katikati ya mabano ya T/C, tundu la mbele kabisa la reli, na boliti za nyuma za sespensheni. Weka alama ya chaki sakafuni. Ukimaliza una ramani yako chini ya gari. Pima mishazari: mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kinyume chake. Mishazari miwili ikilingana ndani ya milimita 3, bodi iko mraba. Ikizidi hapo, gari liligongwa siku za nyuma na linahitaji kuvutwa kwanza, usikate. Pima pia kimo cha kila alama toka sakafuni.

Andika yote kwenye karatasi, na piga rangi nyeupe alama za chaki, maana mtazifuta kwa miguu.

Bati_Geji16
Niongeze kwa nini huyu jamaa anasisitiza. S30 zote (240Z, 260Z, 280Z) hazina marekebisho ya kamba (camber, gurudumu kuinama ndani au nje) wala kasta (caster, mhimili wa kugeuzia gurudumu kulala mbele au nyuma) kutoka kiwandani. Kinachorekebishika ni too tu (toe, magurudumu kuelekeana au kuachana kwa mbele), kwa kuzungusha tai rodi, yaani fimbo za usukani. Kwa hiyo matundu ya krosimemba na mabano ya T/C yakihama, hakuna boliti ya kukuokoa pale kwenye mashine ya alaimenti.

Hesabu ndogo: tuseme toka boli jointi (kiungo cha ncha ya mkono wa chini) hadi juu ya shokapu ni kama milimita 570. Mkono wa chini ukihama milimita 5 pembeni, gurudumu linainama kama nusu digrii. Hiyo inatosha kula tairi ukingo mmoja. Mabano ya T/C yakirudi nyuma upande mmoja, kasta zinatofautiana, na gari linavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo.

Mkunja_Bati
Nije kwenye kipande chenyewe. Reli za viraka zilizokunjwa tayari kwa Z zinauzwa Marekani na Australia, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru kwa kipande cha nusu mita haieleweki. Mashine ya kukunja bati inapatikana Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi. Wape mchoro, usiwape maneno.

Mchoro upigwe hivi. Pima reli nzima ya upande wa pili kwa kalipa ya kupimia, sehemu ile ile unayotaka kukata, kila sentimita 10, kwa sababu reli hainyooki: inabadilika upana na kimo ikikaribia ukuta wa kabini. Tengeneza kiolezo cha karatasi ngumu, kigeuze kiwe cha upande wako, kijaribu kwenye reli mbovu.

Kosa la kawaida ni kujumlisha vipimo vya nje na kukata bati upana huo. Bati huongezeka kwenye kona. Kwa bati la 1.5 lenye kona ya ndani ya 1.5, punguza kama milimita 2.7 kwa kila mkunjo wa nyuzi 90. Mfano wa mfereji wa 50 + 70 + 50: jumla 170, mikunjo miwili, kata 164.6. Kama una mabawa ya kuchomelea kwenye sakafu, mikunjo ni minne. Bawa lipimwe kuanzia uso wa ndani wa ukuta wa mfereji. Mabawa yawe milimita 18 hadi 20, chini ya hapo spoti zinakaa ukingoni na kung'oka. Kunja kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwanza, kila mashine ina kona yake.

Palipo na mpindo wa kushuka, usilazimishe. Kata mipasuo kwenye mabawa na pande kila sentimita 3, pinda kidogo kidogo, funga mipasuo kwa moto, saga.

Zeti_72
Kamera imepita. Kutu nzito ni kama sentimita 35, kuanzia usawa wa mbele ya trei ya betri hadi chini ya ukuta wa kabini. Mabano ya T/C upande huo yana kutu ya juu juu, bati halijatoboka. Mbele zaidi ndani kuna wekundu tu. Nakata wima pande zote mbili?

TimaziMoja
Wima hapana. Ukikata juu, ubavu na chini kwenye mstari mmoja, mshono wote na chuma kilicholainishwa na moto vinakaa kwenye mstari mmoja, na reli itajikunja hapo. Kata kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi ubavuni, na mkato wa juu na wa chini upishane angalau sentimita 5.

Mshono uwe kwenye chuma kizima, sentimita 3 kupita kutu ya mwisho. Usiuweke chini ya krosimemba, wala ndani ya mabano ya T/C. Nati za krosimemba zimo ndani ya reli na bati la pale limeimarishwa. Kaa mbali nalo.

Mabano hayo yang'oe kwa kukata spoti. Kabla ya kung'oa, tengeneza jigi: kipande cha paipu mraba 25 x 25 x 2 kilichofungwa boliti kwenye tundu la mabano upande mmoja na kwenye tundu la krosimemba upande wa pili. Unapoyarudisha, jigi inayaweka palepale.

Na kabla ya mkato wowote, funga mihimili kwa paipu hiyo hiyo: mnara hadi mnara, kila mnara hadi ukuta wa kabini, na reli hadi reli mbele. Mlango nao uwekewe mhimili katika uwazi wake. Angalia nafasi za milango kabla na baada. Zikibadilika milimita 2 simama utafute sababu. Reli ya pili ikihitaji kazi, isubiri hii ikamilike. Kamwe zisikatwe mbili kwa pamoja.

L24_Nairobi
Kukata spoti: tafuta kidoa kwa brashi ya waya, piga senta panchi katikati, tumia biti ya spoti ya milimita 8. Toboa bati la juu tu. Ukiona duara la rangi tofauti linatokea, simama, pitisha patasi nyembamba. Kwa grinda tumia sahani ya milimita 1, ile nene inakula chuma kizima na kuacha nafasi usiyoweza kuijaza.

Usitumie kimiminika cha kusafishia breki kuondoa mafuta kwenye bati unalokwenda kuchomelea. Vile vyenye klorini vikipata joto la kuchomelea hutoa gesi ya fosijini, na inaua. Tumia asetoni, iache ikauke, chupa itoke nje. Na aliye na bati la zinki aondoe zinki milimita 25 kila upande wa mshono. Moshi wake hukulaza na homa usiku huohuo.

Bati_Geji16
Mashine: MIG (ya kuchomelea kwa waya na gesi), waya wa milimita 0.8 au 0.6. Gesi nzuri ni mchanganyiko wa agoni na CO2 kama asilimia 20. CO2 tupu inafanya kazi na ni rahisi kupata, lakini moto wake ni mkali na inarusha cheche nyingi, kwa hiyo punguza umeme. Mtiririko lita 8 hadi 12 kwa dakika, na feni izimwe. Stiki ya 2.5 itatoboa. Gesi ya asetilini inapasha eneo kubwa mno, bati linapinda na jigi yako inakuwa haina maana.

Kwanza choma vipande vya majaribio vya unene uleule, 1.5 juu ya bati la zamani ulilokata. Kisha ving'oe kwa koleo. Spoti nzuri inaondoka na kipande cha bati la chini. Ikibanduka safi, moto ni mdogo. Usiguse gari mpaka jaribio lipite.

Kwa mabawa: matundu ya 8 kwenye bati la juu, yakiachana milimita 30. Banana mabati kabisa kwa klampu, kwa sababu nafasi hata ya milimita 1 inafanya chuma kijae kati na kisishike. Anza katikati ya tundu kwenye bati la chini, zungusha kwenda nje. Praima ya zinki ya kuchomelea ipigwe kati ya mabati, lakini ndani ya tundu iondolewe, la sivyo mshono unajaa vitundu.

Kwa miungano ya ncha kwa ncha: weka kivishio cha ndani cha bati la 1.5, urefu sentimita 6, nusu kila upande, kikishikwa na spoti nne. Acha mwanya wa milimita 1 kati ya ncha. Choma sentimita 1.5, ruka upande wa pili wa reli, rudi. Kila baada ya mizunguko miwili angusha timazi. Tundu likitokea, weka nyuma yake kipande cha bomba la shaba nyekundu kilichopondwa. Waya haushiki shaba.

Zeti_72
Na ile reli ya sakafu iliyobonyea? Haina kutu.

Mkunja_Bati
Hapo ndipo kuvisha kunaruhusiwa. Bati zima lililobonyea linaweza kuvalishwa mfereji mpana kidogo, mradi chuma kisafishwe hadi king'ae na kipakwe praima ya zinki kwanza. Reli za sakafu za 240Z huishia chini ya viti, na wengi hutumia nafasi hii kuziendeleza nyuma. Ukifanya hivyo, ncha ya nyuma ikatwe kama ulimi, ikipungua polepole kwa sentimita 10, isiishie kwa ukingo wa mraba. Na jeki isirudi hapo tena.

L24_Nairobi
Kwa wanaouliza kuhusu kuimarisha kwa ajili ya mashindano, maana 240Z ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews: gari la barabara mbovu hupasuka kwanza kwenye mabano ya T/C na chini ya minara. Kinachosaidia ni pembetatu ndogo za 1.5 zinazounganisha mabano na pande mbili za reli, pamoja na mhimili wa mnara hadi mnara. Kujaza reli nzima bati nene kunahamisha ufa kwenda kwenye ukuta wa kabini, ambako kuurekebisha ni kazi kubwa zaidi.

TimaziMoja
Kumalizia ndani ya reli. Wekundu uliobaki ndani ufikiwe kwa brashi ya waya ya kupitishia bomba, upulizwe kwa kompresa, halafu asidi ya fosforasi. Isuuze asidi na kausha kabisa, maana epoksi juu ya asidi isiyosuuzwa hubanduka kama ganda. Nje: praima ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, kisha sili ya mishono kwenye kila ukingo, kisha rangi ya kuzuia mawe, kisha rangi ya gari. Sili isipakwe kwenye chuma kitupu.

Ndani: nta ya matundu kwa bomba lenye pua inayotawanya pande zote. Nta huwa ya mwisho kabisa, baada ya rangi na baada ya kuchomelea kote, kwa sababu inawaka. Toboa matundu ya milimita 10 ya kutoa maji sehemu za chini kabisa za reli. Povu la kupanuka lisiingie humo hata kidogo, linanyonya maji kama sponji na kuyaweka dhidi ya bati.

Zeti_72
Swali la mwisho: krosimemba na mikono ya chini naifunga kabisa ikiwa bado kwenye stendi?

Bati_Geji16
Krosimemba ndiyo, funga kwa kipimo ikiwa juu, na boliti ziingie kwa vidole kabla ya spana. Ikibidi kuivuta kwa wenzo ili boliti iingie, reli imehama. Rudi kwenye timazi.

Mikono ya chini usiifunge. Bushi zake ni za mpira ulioshikana na chuma, zinajipinda badala ya kuzunguka. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umepindika gari likishuka na unachanika mapema. Weka injini, shusha gari kwenye magurudumu yake, lisukume mbele na nyuma mara kadhaa, ndipo ukaze. Nati za fimbo za T/C zikazwe wakati huohuo. Kisha nenda alaimenti, na uombe karatasi yenye kamba na kasta za pande zote mbili. Tofauti ya kasta kati ya kushoto na kulia ikiwa chini ya nusu digrii, reli iko mahali pake. Baada ya kilomita 500 ingia tena chini ya gari ukague mishono yote kwa tochi; ufa wa rangi kwenye mshono uufuatilie kabla ya kupaka chochote juu yake.